Eda ya Kufuli

Ijumaa ya malipo, saa mbili asubuhi, Chumbageni,
ofisi ya chama cha maziwa.
Nimepiga baiskeli kutoka Makorora, shati limenigandia,
na kabla sijaketi Mwanaidi wa dirishani ananiambia:
"Seva imekufa, fundi. Leo hakuna kulipana."

Haijakufa. Naisikia ikivuma nyuma ya mlango
na feni yake na vumbi lake.
Iliyokufa haijibu. Hii inajibu, tena kwa adabu:
mia nne ishirini na tatu.
Unachokitaka kipo. Kimefungwa.

Nusu ya kazi yangu ni kujua tofauti.
Mia nne na nne ni mwenye nyumba aliyehama;
mia tano ni moshi jikoni, mpishi naye hajui kinachoungua.
Lakini hii ni chumba chenye mtu ndani,
na komeo liko upande wake.

Hodi ya kwanza, faili la malipo: limefungwa.
Ya pili: limefungwa.
Ya tatu, nikaondoa mkono.
Tumefunzwa hivyo, mara tatu kisha urudi.
Mashine ya kituo cha Pongwe haikufunzwa,
inabisha kila sekunde tangu alfajiri,
na kila hodi inasimama nyuma ya mwenzake
mpaka seva inahema.
Nikaituliza kwanza hiyo: ngoja dakika,
kisha mbili, kisha nne.

Dirishani watu wanazidi.
Bi Mwanamkasi wa Amboni kashika stakabadhi
kama mtu aliyeshika tiketi ya kurudi kwao.
Deni la pumba halijui kufuli.

"Izime, uiwashe," anasema katibu, Bwana Kilua.
"Au lifute hilo faili, tuanze jipya."
Bwana, nikamwambia, mtu akijifungia chooni
hubomoi nyumba.
Tuulize kwanza ni nani.

Nikauliza. Daftari la seva likanijibu,
jina na tarehe, kama jiwe la kaburi:

    mshikaji: hshekiondo
    aina: kuandika, peke yake
    tangu: tarehe tisa, saa kumi na nusu jioni
    muda: usio na mwisho

Ofisi nzima kimya.
Tarehe tisa Bwana Hatibu Shekiondo
alisema kifua kinambana,
akaenda Bombo kwa miguu yake.
Tumemzika Mlalo. Arobaini yake bado.

Meza iko vile vile, kompyuta imefunikwa kitambaa cha maua.
"Hatukuthubutu kuizima," anasema Mwanaidi.
"Tuliona kama..."
Hakumaliza.
Chini ya maua kitaa cha kijani kinapepesa.
Wiki tatu kalishikilia faili,
mkono wa mtu aliyesema narudi sasa hivi.

Nikafunua.
Kishale kilikuwa kwenye mstari wa Bi Mwanamkasi:
lita 31, kisha kinawaka, kinazima,
kinasubiri tarakimu.
Nikamwita, akanikunjulia stakabadhi.
Mia tatu na kumi.
Mbele ya katibu nikaongeza sifuri ya marehemu,
nikahifadhi, nikafunga polepole
kama unavyofunga mlango wa chumba cha mgonjwa.

Kufuli limeachiwa.
Hodi ya Pongwe iliyofuata ikaambiwa karibu.

Niseme na hili, maana hakuna aliyeniuliza:
"usio na mwisho" niliandika mimi,
miaka miwili nyuma, nina haraka ya kwenda Ijumaa.
Mjane wake huko Mlalo amekaa eda,
miezi minne na siku kumi, kisha atatoka.
Hata msiba umepewa hesabu,
mimi nikaliacha kufuli bila siku ya kutoka.
Sasa nimelipa dakika kumi.
Aliye hai ataomba aongezewe.

Bi Mwanamkasi alihesabu noti zake mara mbili,
kidole gumba ulimini,
akazifunga kwenye pindo la kanga.
"Mungu amrehemu," akasema,
"hakuwahi kunipunja hata kibaba."
Kompyuta bado inawaka.
Mwanaidi aliirudishia maua yake.